Mwalimu Atokaye Pemba

Vijana wetu wa Wete, Chake Chake na Mkoani wako watamanio kwenda ng'ambo kusomesha Kiingereza. Kutafuta riziki kwa elimu ni jambo la heshima, wala hatuwalaumu. Lakini yafaa waelezwe ukweli. Shule nyingi za Asia na Ghuba humtaka mwalimu atokaye katika nchi ambazo Kiingereza ni lugha ya mama. Kijana wa Pemba, hata awe hodari vipi, huulizwa paspoti kabla ya kuulizwa elimu.

Iko lugha ambayo hapana awezaye kumwuliza ameipata wapi. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Jumuiya ya Kusini mwa Afrika mwaka 2019, na mwaka 2021 UNESCO ilikitengea siku yake, 7 Julai. Vyuo vikuu vya Ulaya, Marekani na China vinakisomesha.

Hata hivyo, kuzaliwa pwani hakumfanyi mtu nahodha. Mgeni atauliza kwa nini twasema "kiti kimevunjika" lakini "mti umevunjika". Mtoto wa Pemba husema sawasawa, ila kueleza sababu hawezi asipofundishwa.

Basi twashauri: kijana asomee ualimu, ajiandikishe kwenye Baraza la Kiswahili, wala asitie sahihi mkataba asioufahamu. Serikali nayo ihakikishe mafunzo ya kuwasomesha wageni yanapatikana Pemba kama Unguja. Nauli ya meli isiwe ndiyo mtihani wa kwanza.