Mbwa Wengi Si Hoja

Watu wakiona mbwa wanane katika boma moja husema mwenyewe ana wazimu. Mimi napinga. Babu yangu ana mbwa wanane wa kulinda mbuzi. Kila mmoja ana jina lake, wote hula wakashiba, na kila mwaka hudungwa sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa.

Jirani yetu mmoja naye alianza kwa huruma. Kila mbwa aliyetupwa sokoni alimwokota, hata wakajaa katika chumba cha kupanga. Sasa mbavu zao zinahesabika, wanazaana ovyo, na hakuna aliyechanjwa. Ukimwambia agawe hata mmoja, analia.

Basi tofauti si idadi, ni uwezo wa kuwatunza na kukubali unaposhindwa. Sheria ya Kenya, Sura ya 360, inakataza kumnyima mnyama chakula. Lakini tusikimbilie polisi wala kumcheka. Tumwitie daktari wa mifugo, tumsaidie kuwatafutia wengine makao.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Lakini ukiokota mbwa huwezi kwenda zako. Kesho atataka kula.