Na mie nilipandishwa treni

Mmoja wenu ameuliza: ni vitabu gani unavipenda kweli, siyo vile vya kupigia picha na kikombe cha kahawa? Haya. Flati za Stratford mnazijua, rafu yangu inaishia pale mlango wa bafu unapofungukia. Lakini kuna vinne ambavyo haviguswi hata nikihama.

Cha kwanza ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah. Kwa Kiingereza ni Paradise, kilitoka 1994, kikafika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker. Nilikisoma nikiwa chuo, nikaandika insha, nikapata maksi nzuri, nikakirudisha maktaba. Mama hakujua hata kama nimekisoma. Gurnah aliposhinda Nobel mwaka 2021, mama ndiye aliyenipigia simu asubuhi, "Mtu wetu kashinda!" Nikamuuliza kama amewahi kumsoma. "Ntamsomea wapi, mwanangu? Vyote Kizungu."

Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakakitoa kwa Kiswahili. Mfasiri ni Dk. Ida Hadjivayanis, anayefundisha Kiswahili pale SOAS, yaani hata nusu saa haifiki kwa Central line kutoka kwetu. Nikaagiza nakala moja nimpe mama basi, niendelee na mambo yangu. Ila macho yake siku hizi yanachoka na herufi ndogo. Ndiyo nikaanza kumsomea Jumapili, jikoni kwake Forest Gate, yeye akikata bamia.

Kiswahili changu mnakijua. Nasoma kama mtoto wa darasa la pili, nikikwama mama ananisahihisha bila kuinua macho kwenye bamia zake.

Kwa ambao hamjakisoma: Yusuf ana miaka 12. Baba yake anadaiwa na tajiri mmoja mfanyabiashara, Aziz, ambaye Yusuf amezoea kumwita uncle. Siku moja mtoto anapandishwa treni kwenda pwani na tajiri huyo. Huko dukani kijana mwenzake, Khalil, ndiye anayemfungua macho: yule siyo ndugu yako, wewe umewekwa rehani kwa deni la baba yako.

Chuoni hapo nilipita tu. Nilikuwa na kalamu ya njano, nawinda ukoloni. Safari hii mama aliweka kisu chini. Akasema, "Na mie nilipandishwa treni."

Mama ni wa Tabora, akakulia Dar "kwa mjomba". Sentensi hiyo nimeisikia maisha yangu yote na sijawahi kuuliza mjomba yupi. Kumbe hakuwa ndugu. Alikuwa mtu wa biashara aliyejuana na babu, akaahidi kumsomesha. Mama alikuwa na miaka tisa. Akapandishwa Reli ya Kati, Central line ya kwao, na kidumu cha asali cha kumpelekea mke wa mjomba. Alipofika alioneshwa beseni la nguo. Shule akaja kuiona baada ya miaka miwili.

"Hawakunipiga," akasema. Wala sikuwa nimemuuliza. Halafu: "We soma."

Nikasoma. Sijui nilisoma nini, maana kurasa zile ilibidi tuzirudie wiki iliyofuata.

(Nina ma-uncle kama 14 hapa London. Sasa nimeanza kuwafuatilia mmoja mmoja.)

Cha pili ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha Shaaban Robert. Ni tawasifu, lakini usitegemee umbea. Ni karani wa serikali anayejieleza kwa adabu zote, mpaka mkewe Amina anapofariki, hapo nathari inamshinda anaingia kwenye shairi. Ndani yake mna pia utenzi aliomwandikia binti yake Mwanjaa na mwingine wa mwanawe Hussein. Ule wa binti una mawaidha kuhusu mume yaliyonikera, nilikifunga kitabu wiki nzima. Mama haoni tatizo liko wapi. Tumekubaliana tusikubaliane, na sasa namtazama akikisoma mwenyewe kwa miwani ya kukuzia.

Ushairi: Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, 1974. Hana vina wala mizani, na wakati ule wakubwa wa ushairi walikasirika kweli. Mama, aliyekaririshwa mashairi shuleni, aliposikia ukurasa wa kwanza akauliza, "Hii barua?" Mimi nakipenda kwa sababu hiyohiyo, kinaniruhusu kupumua. Pembeni yake yupo Warsan Shire, aliyezaliwa Nairobi akakulia hapa London, na mwaka 2013 akawa wa kwanza kupewa cheo cha malenga kijana wa jiji hili. Yeye anaandika Kiingereza, namsoma peke yangu. Ndiyo, nimeshapita vinne, msinihesabie.

Cha picha ni Journey Through Tanzania cha 1984, picha za Mohamed Amin na Duncan Willetts. Nilikipata duka la mitumba kwa pauni mbili, kizito kama tofali. Miaka mingi kilikuwa kazi yake kushikilia dirisha la chumbani. Baada ya Jumapili ile mama akakiulizia. Nikampelekea. Alianza mwanzo, taratibu, kiganja kimefunika maelezo ya Kiingereza. "Mbona tembo wengi hivi? Watu wako wapi?" Akaendelea kufunua. Kuna ukurasa alikaa nao mpaka chai ikapoa, nami nilikuwa upande wa pili wa meza, sikuuona vizuri. Sikuinuka kwenda kuchungulia. Kitabu kiko kwake mpaka leo, na dirisha langu nimelitilia kiatu.

Peponi tumebakiza kama kurasa 60. Jumapili hii ana harusi Leicester, kwa hiyo ni mpaka wiki ijayo.