"Huyo ni mwimbaji wa kanisa"

Katika somo moja la utamaduni wa Marekani, mwenzetu aliandika ubaoni majina ya waanzilishi wa muziki wa rock: Chuck Berry, Little Richard, Elvis Presley. Nikauliza mbona Sister Rosetta Tharpe hayupo. Akanijibu, bila ubaya wowote: "Huyo ni mwimbaji wa kanisa." Somo likaendelea. Mimi jibu hilo halikunishuka, na ninaona linatuhusu sisi wa fakilte ya lugha kuliko wanamuziki, maana kilichomwondoa mtu ubaoni ni neno tu.

Rosetta alizaliwa mwaka 1915 huko Cotton Plant, Arkansas. Mama yake, Katie Bell Nubin, alikuwa mhubiri katika Church of God in Christ, kanisa ambalo halikuogopa vyombo vya muziki katika ibada, na binti alianza kupiga gitaa mbele ya waumini angali mtoto. Hata hilo "Sister" ni la kanisani, kama vile sisi tunavyomwita muumini mwenzetu "dada". Mwaka 1938 akawa New York, akaimba Cotton Club, mahali pa pombe na dansi, na mwaka huohuo akarekodi santuri zake za kwanza kwa kampuni ya Decca. Mojawapo, "Rock Me", ilitokana na wimbo wa dini wa Thomas Dorsey. Kitenzi hicho cha Kiingereza hutumika kwa mama anayembembeleza mtoto. Kanisani aliyeombwa kubembeleza ni Mungu. Klabuni watu walisikia jambo lingine kabisa. Mwanafunzi wa semantiki angepata hapo kazi ya mwaka mzima.

Waumini wengi walikasirika. Sisi tuliokulia katika kwaya za hapa Kongo tunaijua hukumu hiyo: ameingia muziki wa dunia. Yeye hakuchagua upande. Mwaka 1944 alirekodi "Strange Things Happening Every Day" pamoja na mpiga piano Sammy Price: maneno ya dini, gitaa la umeme, mwendo wa kuchezesha miguu. Mwaka 1945 wimbo huo uliingia kumi bora katika orodha ya santuri za Weusi ya gazeti la Billboard, na wapo wanaouhesabu kuwa miongoni mwa santuri za kwanza za rock. Siku uliporekodiwa, Elvis alikuwa mtoto wa miaka 9. Na mwaka 1947, mjini Macon, Georgia, Rosetta alimpandisha jukwaani kijana mmoja aliyemsikia akiimba kabla ya onyesho. Kijana huyo ndiye Little Richard.

Basi kanisani aliitwa wa dunia, na wanahistoria wa muziki wa dunia wakamwita wa kanisa. Akadondoka katikati.

Najua pingamizi: jina la rock and roll lilienea miaka ya 1950, hatuwezi kumvisha mtu nguo iliyoshonwa baadaye. Ningekubali, kama kanuni hiyo ingetumika kwa wote. Little Richard naye alitoka kanisani, na mwaka 1957 aliuacha muziki huo akaenda kuhubiri. Nani amewahi kumfuta ubaoni kwa sababu hiyo?

Kuna neno la tatu, nalo ndilo baya zaidi kwa sababu lilisemwa kama sifa: anapiga kama mwanaume. Kiswahili hakina haja nalo. "Mpiga gitaa" hakina jinsia, na "yeye" ni yeye. Lakini tukisema "mpiga gitaa" tu, wengi wetu tayari tumemwona mwanaume. Kwetu mwanamke huimba mbele, kama M'bilia Bel au Tshala Muana, na gitaa tunamwachia kaka aliye nyuma yake.

Rosetta alifariki Philadelphia mwaka 1973, na kaburi lake lilikaa zaidi ya miaka 30 bila jiwe lenye jina. Rock and Roll Hall of Fame, iliyowapokea Berry, Presley na Little Richard mwaka 1986, ilimwingiza mwaka 2018, tena katika fungu la walioathiri wengine mapema. Miaka 32 ya kusubiri, na fungu la pembeni.

Ninaomba jambo moja kabla ya somo lijalo. Ipo filamu ya televisheni ya mwaka 1964, iliyopigwa katika stesheni ya treni isiyotumika huko Manchester, Uingereza. Mvua imenyesha, watazamaji wameketi ng'ambo ya reli. Mwanamke wa karibu miaka 50 anashuka kwenye gari la farasi, amevaa koti zito, anavaa gitaa la umeme na kuanza wimbo wa gharika ya Nuhu. Mtazameni mikono yake, kisha mje mniambie muziki ule unaitwaje.