MAONI: Mapafu yako yana askari, usiwavuruge kwa shisha na dawa za kubahatisha

Baridi ya Julai ikianza tu, kwenye matatu ni chafya huku na kikohozi kule. Nawe kijana mwenzangu, koo likikuwasha jioni, asubuhi uko kwenye duka la dawa mtaani ukiitisha "ile ya rangi mbili". Unameza siku mbili, ukipata nafuu unaacha, na wikendi unarudi kwa shisha. Halafu unawaambia mabeshte kwamba dawa ile ni moto.

Tuambiane ukweli: si dawa iliyokuponya. Mafua huletwa na virusi, na antibayotiki huua bakteria. Waliokuponya ni askari walio kifuani mwako.

Mapafu yako yana mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa. Humo hukaa seli za kinga zinazoitwa makrofeji. Siku za kawaida kazi yake ni usafi: kumeza vumbi na vijidudu unavyovuta, kimyakimya. Virusi vikifika huko chini, seli hizi na jirani zake hupiga kamsa kwa kutoa intaferoni, protini iliyogunduliwa London mwaka 1957. Seli zinazoipata kamsa hiyo hujifungia ili virusi visizaane ndani yake. Seli nyingine za kinga hukimbilia mapafuni kutoka kwenye damu. Baada ya siku kadhaa huja seli-T, ambazo husaka seli zilizovamiwa na kuziua. Joto na uchovu unaosikia ni sehemu ya vita hivyo.

Shida ni kwamba vita huwachosha hata askari. Mafua makali yanaweza kupunguza makrofeji au kuzilegeza. Hapo bakteria waliokuwa wametulia puani mwako hupata mwanya, wakashuka kifuani na kuleta nimonia. Wanasayansi waliochunguza mapafu yaliyohifadhiwa ya watu waliouawa na homa kuu ya 1918 walikuta wengi walikuwa na nimonia ya bakteria juu ya virusi. Wakati huo hata penisilini ilikuwa haijagunduliwa.

Utaniuliza, basi si afadhali nimeze antibayotiki mapema nijikinge? La. Ukizimeza ovyo unaua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu. Siku nimonia yenyewe itakapobisha hodi, dawa uliyoizoea inaweza kugonga mwamba.

Na moshi je? Moshi wa sigara hudhoofisha uwezo wa makrofeji kumeza bakteria, na huharibu vinyweleo vinavyosukuma makohozi nje. Shisha nayo ni moshi, hata ikiwa na ladha ya tufaha. Serikali iliipiga marufuku Desemba 2017, lakini sote tunajua bado inavutwa. Kumwachia askari kazi ya moshi na virusi kwa pamoja ni kumwonea.

Najua pia wengi wetu tunalipwa kwa siku, ukilala, hulipwi. Hapo lawama si ya kijana pekee. Mwajiri anayekulazimisha kuja kazini ukitetemeka kwa homa ajue wiki ijayo atakosa wafanyakazi watatu badala ya mmoja. Likizo ya ugonjwa si hisani, na vijana tuna haki ya kuidai bila kuitwa wavivu.

Kwa hivyo ukishikwa na mafua, pumzika unavyoweza, kunywa maji mengi, tuliza joto kwa paracetamol kama maelezo yanavyosema, na weka sigara na shisha kando. Kohoa kwenye kiwiko, wenzako kwenye matatu wana mapafu pia. Chanjo ya mafua ipo. Muulize daktari, hasa kama una pumu.

Ila usijifanye shujaa kupita kiasi. Ukihema kwa shida, kifua kikichoma, ukikohoa damu, au homa ikirudi kwa nguvu baada ya kupata nafuu, nenda hospitali ukapimwe. Hapo huenda antibayotiki ikahitajika kweli, na daktari akikuandikia, fuata maagizo yake mpaka mwisho.

Askari wako hawaombi mshahara. Wanaomba tu usiwapige kwa nyuma wakiwa vitani.