Ile 22,400 ya Baiskeli



Tangu Jumapili nimepokea ujumbe saba kuhusu baiskeli yangu. Watano walitaka kujua zinauzwa wapi. Mmoja aliniuliza inakuwaje mtumishi mzima, mwenye mvi, anaonekana akirukaruka juu ya mawe ya Chale kama mtoto aliyetoroka chuo. Huyo nilimjibu kwa kucheka tu. Wa saba ndiye aliyeninyima usingizi. Aliandika: "Pastor, nimesikia umetengeneza baiskeli kwa elfu ishirini na mbili, na sisi bado tunachanga mabati. Ni kweli?"

Ni kweli. Tena ni 22,400, na stakabadhi ninayo. Nimeona nijibu hapa mbele ya wote, maana najua aliyeuliza hayuko peke yake. Yeye alikuwa na ujasiri tu.

Kwanza niwaambie ni baiskeli gani, kwa sababu wengine wenu mnadhani ni Black Mamba iliyopakwa rangi. Hii ni baiskeli ya milimani yenye shokapu mbili, moja mbele kwenye foki, nyingine katikati ya fremu ikibeba gurudumu la nyuma. Mpya, baiskeli ya namna hiyo inaweza kununua pikipiki ya bodaboda na chenji ikabaki. Mimi sikuinunua. Ilikuwa ya mzee mmoja mgeni aliyekuwa akikimbilia Diani kila baridi ya kwao ilipoanza. Magoti yalipomkataa akaamua kurudi kwao moja kwa moja, akaniita, akanikabidhi. Nilishukuru Mungu kwa sauti barabarani, na Mama Mchungaji ni shahidi.

Mnajua kiuno changu. Tangu nilipoanguka na pikipiki mwaka 2016, njia ya kwenda ushirika wa nyumbani imekuwa msalaba. Kutoka Ukunda unapita Galu, unapita Kinondo, na lami ikikuacha unabaki na vumbi, mchanga na jiwe la matumbawe lililochongoka kama meno. Kwa baiskeli ya kawaida kila jino linakuuma mgongoni. Siku ya kwanza niliyokwenda Chale na hii ya shokapu, nilifika, nikashuka, nikasimama nikingoja maumivu. Hayakuja. Yule mama mwenye nyumba aliniuliza, "Pastor, mbona umesimama hivyo?" Sikujua nimwambie nini.

Yule mzee alikuwa mwalimu mzuri. Alinikalisha juu yake nikiwa na nguo zangu zote na begi la Biblia mgongoni, akatazama kimpira kidogo kilicho kwenye shokapu, akapima kwa rula. Ukikaa tu bila kukanyaga, shokapu ya nyuma inatakiwa izame kama robo ya mwendo wake, au zaidi kidogo. Isipozama, umepanda gogo. Ikizama nusu, kila jiwe litaigongesha mwisho. Ndani hamna chuma cha springi, mna hewa, na hewa hiyo inajazwa kwa pampu yake ndogo kulingana na uzito wa mpandaji. Mimi nina kilo 90. Siku zote nilidhani kazi ya shokapu ni kupanda juu ya jiwe. Kumbe nusu ya kazi yake ni kushuka shimoni, ili gurudumu lifuate ardhi na tairi lisipoteze mguso, ukishika breki ishike kweli. Ndiyo maana inatakiwa izame kidogo hata kabla hujaanza safari.

Sasa nisikilizeni vizuri vijana, kwa sababu kuna mmoja wenu aliniambia anataka kutoa akiba yake kwenye chama na kuongeza mkopo wa simu, anunue mbili kama hizi akodishie watalii. Shokapu haikusaidii kwenye mchanga. Hata kidogo. Mchanga mlaini unataka tairi pana lenye hewa kidogo, na miguu yenye subira. Kwenye lami ya kwenda Msambweni baiskeli hii inadunda ukikanyaga kwa nguvu, jasho lako linaishia kwenye springi badala ya gurudumu, mpaka ufunge kile kishikio cha kuzuia. Inapostahili hasa ni kule juu, kwenye njia za miguu zinazoteremka kutoka mji wa Kwale, maana milima ya Shimba inapita mita 400 juu ya bahari na mteremko wake una mizizi na makorongo ya kutosha. Huku pwani kinachohitaji shokapu ni lile jiwe la matumbawe tu. Baiskeli yenye shokapu ya mbele peke yake, tairi pana, itampeleka mtalii wako Gazi na kumrudisha akiwa anacheka, na ikiharibika fundi wa Ukunda anaijua.

(Kwenye msitu wa Kaya Kinondo sipiti na baiskeli, kabla hamjaniuliza. Tunatofautiana na wazee wa kaya katika mambo ya ibada na wao wanajua. Lakini mgeni akiingia mle hufungwa kaniki kwanza na hutembea kwa miguu, nami siwezi kuifanya nyumba ya jirani uwanja wa kuchezea.)

Nirudi kwenye 22,400.

Siku moja ya bamvua, maji yamekupwa mbali, nilitoka Chale nikaona ufuo wote umekuwa mgumu na mweupe kama sakafu. Nikashuka na baiskeli, nikaenda kwa mwendo mkali hadi Galu, mawimbi madogo yakinirukia magurudumuni. Sikuwa naenda kumwona mgonjwa. Sikuwa na ushirika. Nilikuwa nacheza, wapendwa, nina miaka 54 na nilikuwa nacheza, na sijutii kucheza. Ninachojutia ni kilichofuata. Nilifika, nikaiegemeza ukutani mwa kanisa, nikaingia kwenye mkesha. Ikakaa siku tatu na chumvi yake. Siku ya nne nikaipeleka kwa vijana wanaoosha magari, wakaipiga maji ya mashine. Iling'aa. Sikujua kwamba maji yale ya nguvu yanasukuma chumvi na mchanga kupita vifuniko hadi ndani ya beringi, na baiskeli hii ina beringi nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu nyuma yote inakunjika kwenye viungo.

Baada ya wiki kadhaa ikaanza kulia kama mlango wa zamani. Halafu nyuma ikagoma kukunjika. Halafu nikaona mafuta kwenye shokapu. Fundi wa Mombasa alifungua mbele yangu, akanionyesha beringi moja kwenye kiganja: unga mwekundu. Hesabu yake ni hii: beringi 8 kwa 650 kila moja, 5,200. Mipira na mafuta ya shokapu ya nyuma, 6,500. Foki, 4,200. Mnyororo, 3,000. Kazi, 3,500. Jumlisheni wenyewe. Akaniambia pia, bila kunihurumia, kwamba foki kama hii inataka usafi wa ndani na mafuta mapya kila baada ya saa 50 hivi za kupanda, na huku kwa chumvi afadhali mapema zaidi. Saa 50! Kwangu hiyo ni miezi mitatu. Aliyenipa alikuwa ameniambia, nami niliitikia kwa kichwa.

Mnakumbuka habari ya wana wa manabii, 2 Wafalme 6, shoka likachomoka likazama Yordani. Tumehubiri sana muujiza wa chuma kuelea. Mimi siku ile pale kwa fundi nilimkumbuka yule kijana, kilio chake kwamba shoka lilikuwa la kuazima. Angekuwa na shoka lake mwenyewe nadhani angelia kidogo. (Shoka na shokapu, ndiyo, nimeona. Msinicheke.) Mali ya bure ina deni lake, ila aliyekupa hakuletei bili. Inaletwa na beringi.

Na pesa zilitoka wapi? Hapa ndipo pagumu.

12,400 zilikuwa zangu. 10,000 zilitoka kwa mama mmoja wa kanisa letu anayekaanga mahamri alfajiri. Alinitumia kwa M-Pesa mwanzoni mwa mwaka akaandika kwamba ni zangu mimi, si za kanisa, nisimwambie mtu. Nilimwombea. Nikaziweka. Baiskeli ilipokufa nikazitoa. Wiki mbili baadaye, katika mazungumzo ya akina mama, nikasikia kwamba binti yake alirudishwa nyumbani kwa karo katika juma la pili la muhula.

Sitaji jina na naomba kwenye maoni hapo chini mtu asitaje. Nilimwendea nyumbani na pesa mkononi. Alikasirika. Aliniambia, "Baba, alichotoa mtu kwa Bwana hakirudishwi mlangoni kama mzigo uliokosewa." Nilikwenda shuleni nikalipa kiasi hicho kwa jina la mwanafunzi, na alipojua alininunia Jumapili mbili. Sijui hata sasa kama nilifanya sawa. Wazee wa kanisa wamegawanyika. Mmoja anasema niliifedhehesha sadaka yake. Mwingine anasema ningeuza baiskeli nikalipa muhula wote. Kuuza zawadi ya mtu, tena ikiwa imekufa, sikuona ningepata nini, lakini nakiri kwamba sikulifikiria sana wazo hilo, na kutolifikiria kwenyewe kunasema kitu juu yangu.

Ila nina neno na nyinyi pia, na msinikasirikie. Mwaka ule mliponichangia kutengeneza gia boksi ya lile gari la zamani, zilizidi 60,000 na hakuna aliyeomba stakabadhi. Mlishangilia. Kamati ilipendekeza tutafute Prado kabisa, "Pastor asidharauliwe." Baiskeli imekula theluthi moja tu ya pesa hizo, na imezua maneno kuliko gari. Kwa nini? Kwa sababu kwetu gari la mtumishi ni utukufu wa kanisa, na baiskeli ya mtumishi ni aibu, na baiskeli ya bei ni wazimu. Swali la yule ndugu wa saba ni swali zuri sana. Naomba liulizwe kwa kila kitu chenye magurudumu, kuanzia mimi hadi askofu. Mchungaji asiyeweza kuonyesha stakabadhi ya beringi hataonyesha ya Prado.

Wala msiwafukuze watoto kwenye baiskeli kwa ajili yangu. Kule Kikuyu kuna David Kinjah, mwendesha baiskeli wetu, ambaye kwa miaka mingi na Safari Simbaz wake amekuwa akifundisha vijana kupanda na kutengeneza kwa mikono yao. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alipita kwake akiwa mvulana, na baadaye akashinda Tour de France mara 4, ya kwanza mwaka 2013. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalikuja Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Mtoto wako akifungua gurudumu sebuleni, mtandikie gunia.

Kwa hiyo nimefikia wapi? Baiskeli sasa inakaa ofisini kwa kanisa na daftari lake. Anayekwenda kuona mgonjwa au ushirika wa Kinondo, Chale au Gazi anaandika jina na saa. Tunahesabu saa kwa ajili ya yale mafuta, na kila anayepanda anaweka 20 kwenye mkebe, nami pia. Ikirudi inaoshwa kwa kitambaa na maji ya mfereji, taratibu. Maji ya kisima chetu yasitumike, yana chumvi kuliko machozi. Kwenye ufuo haishuki tena. Aliyeipanda zaidi mwezi huu si mimi, ni shemasi wetu dada wa Gazi, kilo 58, na ndiyo sababu hewa inabidi ibadilishwe kila inapobadilisha mikono. Siku ya kwanza aliipanda na hewa yangu akasema inampiga kuliko punda. Nilipoipanda mimi na hewa yake nilikaa chini kabisa kama niliyeketi kwenye beseni.

Wapo waliosema dada wa kanisa kupanda baiskeli si heshima. Hao tutaonana ana kwa ana.

Yule kijana wa chama nimemwomba aje nayo wiki nzima kwanza, aioshe yeye, ahesabu yeye, ndipo aamue kuhusu mkopo. Amekubali, kwa shingo upande. Luka 14 kuna habari ya mtu aliyetaka kujenga mnara, akaisome usiku huo huo.

Alhamisi ushirika wa Chale ni saa kumi jioni. Shemasi atakuja na baiskeli, mimi nitakuja na bodaboda, mniombee kiuno. Na aliyechukua ile pampu ndogo ya shokapu wiki jana bila kuandika kwenye daftari, tafadhali airudishe ofisini kabla ya hapo. Ya nyuma imeanza kushuka.