Sikukuu kwa gari ya watu: tupange kurudi kabla ya kwenda

Kila Sikukuu inapokaribia, familia za Amani na mitaa jirani huulizana swali lilelile: mwaka huu watoto tuwapeleke wapi? Wapo wanaotaka viwanja vya Mnazi Mmoja, wapo wanaotaka pembea za Kariakoo, na wapo wanaosema tutoke kabisa, twende shamba tukaione pwani. Mjadala huo huchukua siku nzima. Swali la pili, nalo ndilo zito zaidi, huulizwa mara chache: tutarudi vipi?

Wengi wetu hatuna gari zetu. Tunategemea daladala, na Sikukuu haibadilishi jambo hilo. Mtu wa Bububu anaijua 502 kama anavyoijua njia ya nyumbani kwake, mtu wa Uwanja wa Ndege anaijua 505, na anayekwenda Nungwi anaitafuta 116. Hatuoni aibu katika hilo. Gari ya abiria ni neema, na babu zetu walikuwa wakipanda treni kutoka mjini hadi Bububu tangu mwaka 1905, kabla gari hizi hazijajulikana. Lakini mwenye kusafiri kwa gari ya watu amekabidhi kwa mwingine kitu kimoja kikubwa, nacho ni wakati wake. Anayesahau hilo asubuhi hukumbushwa usiku, akiwa kituoni na mtoto amelala begani.

Wahenga wetu, watu wa bahari, walisema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tunaomba wazazi waichukue methali hii kama kanuni ya matembezi ya Sikukuu. Kurudi kupangwe kwanza, kisha ndipo kwenda kupangwe.

Kwa nini kurudi kuwe na uzito zaidi kuliko kwenda? Kwa sababu watu huenda kwa mafungu, lakini hurudi kwa pamoja. Mchana mmoja hutoka baada ya Adhuhuri, mwingine husubiri Alasiri, wa tatu anangoja nguo ya mtoto imalizwe kupigwa pasi. Gari zinatosha, na kila mtu hupata kiti. Jioni mambo hubadilika, kwani uwanja mzima huondoka ndani ya muda mfupi, na gari ni zilezile. Tufanye hesabu ndogo. Ikiwa kituoni wamesimama watu 200, gari zilizopo ni mbili, kila moja inachukua watu 20 na inahitaji nusu saa kwenda na kurudi, basi abiria wa mwisho ataondoka baada ya kusimama muda wa saa mbili kamili. Hapo hakuna dereva aliyekosea wala konda aliyedhulumu. Ni hesabu tu, nayo haijali kama aliyesimama ni kijana mwenye nguvu au ni bibi anayeumwa na magoti.

Jambo hili si la Unguja peke yake. Huko Florida, Marekani, kuna eneo kubwa la mapumziko na michezo liitwalo Walt Disney World, lililofunguliwa mwaka 1971. Wageni wanaolala katika hoteli za eneo hilo huchukuliwa kwa mabasi hadi kwenye viwanja na kurudishwa bila ya kulipa nauli. Nchi ina mali, mabasi ni mengi na barabara ni pana. Hata hivyo, fataki za usiku zinapomalizika, maelfu ya watu hugeukia njia ya kutokea kwa pamoja, na foleni za mabasi hurefuka. Wanaojua mambo huko hufanya moja kati ya mawili: huondoka kabla ya fataki kwisha, au hukaa kitako hadi umati upungue. Wakifanya hivyo wale wenye mabasi ya kutosha, sisi wa daladala tunastahiki zaidi kufanya.

Na sisi Waislamu tuna mafunzo ya tangu kale kuliko hayo. Hakuna mkusanyiko wa safari mkubwa katika dini yetu kama ule wa Hija, pale mahujaji wanapoondoka Arafa baada ya jua kuzama kuelekea Muzdalifa, na kutoka Muzdalifa kuelekea Mina. Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba Bibi Sauda (R.A.), mkewe Mtume (S.A.W.), alikuwa mzito wa mwendo, akaomba ruhusa ya kuondoka Muzdalifa usiku kabla ya msongamano wa watu, naye Mtume (S.A.W.) akamruhusu. Ibn Abbas (R.A.) naye, akiwa bado mdogo wa umri, alikuwa miongoni mwa wanyonge wa familia waliotangulizwa usiku ule. Tuzingatie vizuri. Hii ni ibada ambayo kila hatua yake ina wakati wake, na pamoja na hayo mnyonge alifanyiwa wepesi ili asikutwe na msongamano. Ikiwa wepesi huo umekubalika katika Hija, vipi tuone vigumu kuufanya katika kutoka kiwanjani?

Hapa ndipo lilipo shauri letu kuu. Familia isilazimike kurudi kwa pamoja. Igawike mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la wanyonge: bibi na babu, mama mwenye mtoto mchanga au mwenye mimba, mgonjwa, na watoto wadogo. Hawa waondoke mapema, kabla uwanja haujaanza kumwagika, wakiwa na mtu mzima mwenye uwezo wa kuwabebea mizigo na kuwashusha. Fungu la pili ni la wenye nguvu, ambao wakisimama kituoni hawataumia, na ambao nyumba ikiwa karibu wanaweza hata kutembea kwa miguu. Kwa familia nyingi mambo hufanyika kinyume: kijana hudandia gari ya kwanza kwa sababu ana mbio, na mama aliyeshika watoto wawili huachwa kuwa wa mwisho. Baba ndiye mchunga wa familia yake, na mchunga ataulizwa. Basi aulizwe pia juu ya nani alitangulia kukaa kitini.

Jambo la pili ni Sala, na hasa kwa wanaokwenda shamba. Tumewasikia baadhi ya ndugu zetu wakisema kwamba aliyekwenda Nungwi au Makunduchi kwa siku moja ni msafiri, hivyo atakusanya Alasiri na Adhuhuri, na Magharibi ataikusanya na Isha akifika nyumbani. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi wetu visiwani, safari inayoruhusu kupunguza na kukusanya Sala ni ile ndefu, ambayo wanazuoni wengi wa leo huikadiria kwa zaidi ya kilomita 80, nayo huhesabiwa ya kwenda peke yake bila ya kujumlishwa na ya kurudi. Kutoka Amani hadi Nungwi au Makunduchi hakufiki hata kilomita 70. Kwa hiyo kila Sala itasaliwa kwa wakati wake. Wala Sala ya faradhi haisaliwi kwa kukaa kitini ndani ya daladala inayokwenda, kwani kusimama na kuelekea Kibla ni miongoni mwa mambo yanayotakiwa kwa mwenye kuyaweza.

Maana yake ni kwamba ratiba ya gari ifuate ratiba ya Sala. Alasiri kwetu huingia baina ya saa tisa na saa kumi, na jua huzama baina ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima. Anayetoka pwani ya mbali na achague moja: aisali Alasiri mapema hukohuko na aondoke akiwa na muda wa kufika nyumbani kabla ya Magharibi, au akae aisali Magharibi katika msikiti wa kijiji ndipo apande gari. Asiyechagua, foleni itamchagulia, na Magharibi ni Sala ambayo wakati wake ni mfupi. Kina mama nao wasisahauliwe katika hili. Kabla ya kuondoka nyumbani ijulikane ni msikiti gani una sehemu yao na maji ya kutawadhia.

Jambo la tatu ni gari ya kukodi. Siku hizi familia kadhaa huchanga zikakodi gari nzima ili kuepuka taabu ya kituoni, nalo ni jambo zuri likifungwa vizuri. Mwaka mmoja gari iliyokuwa imewachukua watu wa mtaani kwetu ilikubaliana nao kurudi saa kumi na nusu. Dereva alipowashusha pwani akaenda kutafuta abiria wengine, na aliporudi ilikuwa Isha imeshaadhiniwa. Watoto walikuwa wamelala juu ya mkeka mchangani na chakula kilikuwa kimekwisha. Watu walikasirika, na dereva akajibu kwamba aliahidi kurudi lakini hakuahidi kungoja.

Tangu siku ile tumekuwa tukiwashauri watu waandike, hata kama dereva ni jirani. Sura ya Al-Maida inafunguliwa kwa amri ya kutekeleza mikataba, na mkataba usioeleweka ni mlango wa ugomvi. Iandikwe namba ya gari, idadi ya watu, saa ya kuondoka, saa na mahali pa kurudia, na iwe wazi kama gari itangoja au itakwenda na kurudi. Sehemu ya malipo itolewe wakati wa kwenda, na iliyobaki itolewe watu wakishafikishwa nyumbani. Na haki hii ina pande mbili. Dereva aliyeambiwa saa kumi na nusu akangojeshwa hadi saa kumi na mbili naye amedhulumiwa, kwani wakati wake ndio riziki yake. Mtume (S.A.W.) ametuonya vikali juu ya anayemtumikisha mtu kisha asimpe ujira wake. Tukitaka dereva awe mkweli wa saa, nasi tuwe wakweli wa saa.

Jambo la nne, nalo ndilo linalotutia hofu zaidi, ni kujazana. Usiku umeingia, gari ni ya mwisho, konda anaita: "Songeni ndani wazee wangu, nafasi bado ipo!" Nafasi haipo, na kila mmoja anaona kwamba haipo. Watu hupanda kwa sababu wanaogopa kubaki. Visiwa vyetu havihitaji kufundishwa na mtu juu ya mwisho wa mambo haya. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache tu baada ya Idi el Fitri, meli ya MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imebeba watu wengi kupita kiasi kilichoruhusiwa. Waliokufa walikuwa mamia kwa mamia, na wengi wao hawakuonekana tena. Allah (S.W.) awarehemu. Bahari si barabara, lakini neno lililowafanya watu wapande ni lilelile: tupande tu, tutafika.

Mama anaposema kituoni, "Baba watoto, tungoje nyingine," asionekane mwoga. Amesema neno la kisharia, kwani kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sharia yetu. Ili neno hilo liwezekane, baba awe na akiba ya nauli ambayo haiguswi kwa pembea wala kwa aiskrimu, ambayo kazi yake ni teksi tu ikiwa gari zimekatika. Familia zinazotoka mtaa mmoja zinaweza kuichanga akiba hiyo pamoja. Ni bora mtoto apande pembea mara mbili badala ya tatu, kuliko watu watano kurudishwa juu ya bodaboda moja usiku.

Yapo pia madogo yenye manufaa. Kila mtoto awe na namba ya simu ya mzazi iliyoandikwa kwenye karatasi mfukoni, na aonyeshwe mahali pa kukutania akipotea, pasiwe kituoni penye vurugu bali kando yake. Mkoba uwe na maji, tende na maandazi ya kurudia, yasiyofunguliwa mchana. Na tukiwa kituoni tukumbuke kwamba tumetoka katika ibada ya kushukuru. Mzee apishwe, mwanamke mwenye mtoto apishwe, na asiyetujua apishwe kama anayetujua.

Sisi katika kamati tumekubaliana kwamba matembezi yoyote ya familia yatakayopitia msikitini kwetu yatakuwa na safari mbili za kurudi, ya kwanza kabla ya Magharibi kwa wanyonge, na ya pili kwa waliobaki. Majina yataandikwa kwa mafungu hayo tangu siku ya kuchangia nauli. Tunaziomba kamati nyingine nazo zilifikirie jambo hili, na wazazi wasioondoka na msikiti walifanye majumbani mwao. Usiku wa kuamkia Sikukuu, nguo zikishapigwa pasi, wakae kidogo na waulizane kwa majina: nani atarudi na nani, na saa ngapi?

Tunamuomba Allah (S.W.) azikubali funga na ibada zetu, awape watoto wetu furaha isiyo na majuto, na kila aliyetoka amrudishe kwa watu wake salama. Amin.