Ukubwa na Ukali wa Tetemeko

Wako wanaodai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kuielezea elimu ya ardhi. Dai hili halina msingi. Tunayo maneno kama tetemeko, volkeno, zaha, ufa na kitovu. Upungufu wetu ni wa namna nyingine: maneno tunayo, lakini hatuyawekei mipaka, na neno lisilo na mipaka haliwezi kubeba sayansi.

Tutazame tetemeko lililoukumba mkoa wa Kagera tarehe 10 Septemba, 2016. Lilipimwa kuwa la 5.9, na watu wasiopungua 17 walipoteza maisha. Ni rahisi mtu kuidhani namba hiyo kuwa kipimo cha maafa. Sivyo. Namba hiyo ni ukubwa wa tetemeko, yaani kipimo cha nishati iliyotoka pale miamba ilipokatika chini ya ardhi. Tetemeko moja lina ukubwa mmoja tu, popote lisikikapo. Tena namba hizi hazipandi kwa hatua zilizo sawa: kila inapoongezeka moja, nishati huongezeka takriban mara 32. Hivyo tetemeko la Rukwa la mwaka 1910, linalokadiriwa kuwa la 7.4, lilitoa nishati iliyozidi ile ya Kagera zaidi ya mara 150.

Ukali ni jambo jingine. Huo hueleza jinsi mtikisiko ulivyokuwa mahali fulani: je, vyombo viligongana tu kabatini, au kuta zilianguka? Kipimo kilichotokana na kazi ya Mercalli huupanga kuanzia I hadi XII. Ukali hutofautiana baina ya kijiji na kijiji, kwa kufuata umbali kutoka kwenye kitovu, kina cha chanzo, na aina ya ardhi. Udongo laini hutikisika zaidi kuliko mwamba mgumu.

Tofauti hii si ubishi wa wanazuoni. Ukubwa wa tetemeko hakuna mwanadamu awezaye kuupunguza. Madhara yake twaweza kuyapunguza, kwa kuchagua mahali pa kujenga na kwa kuzifunga kuta kwa nondo na zege. Anayeyachanganya maneno haya huona kwamba yote ni majaliwa, akaketi.

Volkeno nayo ina neno lipotoshalo, nalo ni majivu. Majivu yaliyorushwa na Oldoinyo Lengai mwaka 2007 na 2008 hayakutokana na kitu kilichoungua. Ni mwamba uliovunjwavunjwa kuwa unga kwa nguvu ya gesi. Kwa hiyo hulielemea paa kwa uzito wa jiwe, wala si wepesi wa majivu ya jikoni.

Mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania husoma mambo haya kwa Kiingereza, kisha hurudi kwa wazazi wanaojenga nyumba zao kwa Kiswahili. Yafaa basi kila mwalimu wa jiografia amtake aeleze, kwa Kiswahili sanifu, tofauti ya ukubwa na ukali. Atakayeshindwa bado hajaelewa, hata kama mtihani ameushinda.